Utafiti wa wanafunzi katika kemia ya oganometali na elimu ya kemia

Utafiti wa wanafunzi katika kemia ya oganometali na elimu ya kemia ni kazi ya kisayansi inayofanywa na wanafunzi wa chuo, hasa wa shahada ya kwanza, chini ya usimamizi wa mhadhiri katika nyanja mbili: uchunguzi wa kampaundi zenye kifungo kati ya atomu ya metali na atomu ya kaboni, na uchunguzi wa namna watu wanavyojifunza na kufundishwa kemia. Utafiti wa namna hii hutofautiana na zoezi la kawaida la maabara. Katika zoezi, mwalimu analijua jibu kabla mwanafunzi hajaanza kazi; katika utafiti, jibu halijulikani na mtu yeyote.

Nyanja hizo mbili huonekana kuwa mbalimbali, lakini mara nyingi hukutana katika idara moja. Jambo hilo ni la kawaida hasa nchini Marekani, katika vyuo vidogo visivyotoa shahada ya uzamivu. Huko mhadhiri wa kemia isiyo ogania hufundisha vipindi vingi, huendesha maabara yake kwa msaada wa wanafunzi wa shahada ya kwanza peke yao, na hatimaye huanza kuchunguza kisayansi mafundisho yake mwenyewe. Kwa sababu hiyo mwanafunzi mmoja anaweza kupewa nafasi ya kutengeneza kampaundi mpya au ya kuchunguza kwa nini wenzake hushindwa kuelewa somo fulani.

## Kemia ya oganometali kwa ufupi

Kemia ya oganometali iko kati ya kemia ogania na kemia isiyo ogania. Kampaundi ya kwanza ya metali na molekuli ya ethini kujulikana ni chumvi ya platini iliyotengenezwa na Mdenmarki William Christopher Zeise miaka ya 1820. Mwaka 1890 Ludwig Mond na wenzake walitangaza kampaundi ya nikeli na monoksidi ya kaboni, ambayo baadaye ilitumika kusafisha nikeli viwandani.

Kampaundi hizi zina matumizi mengi. Vichocheo vya Ziegler na Natta, vilivyowapa wagunduzi wake Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1963, hutumika kutengeneza plastiki za ndoo, madumu, mabomba na viti. Tuzo za miaka ya 2001, 2005 na 2010 zilitolewa pia kwa kazi zinazotegemea vichocheo vya metali kama rodi, rutheni, molibdeni na paladi, ambavyo hutumika kuunda dawa na kemikali nyingine. Katika mwili wa binadamu, vitamini B12 ina atomu ya kobalti, na katika maumbo yake yanayofanya kazi mwilini kobalti hiyo imefungamana na kaboni. Muundo wa vitamini hiyo ulibainishwa miaka ya 1950 na Dorothy Hodgkin, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1964.

Baadhi ya kampaundi hizi zimeleta madhara makubwa. Methili zebaki iliwaua na kuwalemaza watu wengi waliokula samaki huko Minamata, Japani. Kampaundi ya risasi iliyotiwa katika petroli tangu miaka ya 1920 ilichafua hewa duniani kote. Nchi ya mwisho kuacha kuuza petroli hiyo kwa magari ilikuwa Algeria, mwaka 2021.

## Historia

### Wanafunzi na ugunduzi

Desturi ya kumfundisha mwanakemia kwa kumpa swali la utafiti ilipata nguvu huko Giessen, Ujerumani, alikofundisha Justus Liebig kuanzia mwaka 1824. Wanafunzi kutoka nchi mbalimbali walianza kwa kujifunza uchambuzi, kisha kila mmoja alipewa tatizo lake la kuchunguza.

Historia ya kemia ya oganometali ina mifano mingi ya vijana waliopata kitu tofauti na kile walichotumwa kutafuta. Mwingereza Edward Frankland, aliyepata shahada ya uzamivu mjini Marburg mwaka 1849, alikuwa akijaribu kutenga kipande cha molekuli kiitwacho ethili. Badala yake alipata kimiminika cha zinki na ethili kinachowaka chenyewe kinapogusa hewa. Frankland ndiye aliyeanzisha jina la oganometali.

Huko Lyon, Ufaransa, Philippe Barbier alijaribu kutumia magnesi mahali pa zinki katika mmenyuko fulani, lakini matokeo hayakuwa thabiti. Alimwachia kazi hiyo mwanafunzi wake Victor Grignard. Grignard aligundua kwamba ilifaa kuitengeneza kampaundi ya magnesi kwanza, ndani ya etha kavu, na kuitumia baadaye. Alitangaza matokeo yake mwaka 1900 na kuwasilisha tasnifu mwaka 1901. Mwaka 1912 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Sabatier. Kitendanishi cha Grignard ni miongoni mwa kampaundi za oganometali ambazo wanafunzi wengi wa chuo hukutana nazo mapema.

Mfano mwingine ni wa Taasisi ya Max Planck ya utafiti wa makaa ya mawe mjini Mülheim, Ujerumani, katika miaka ya mwanzo ya 1950. Mwanafunzi wa uzamivu wa Karl Ziegler aliyekuwa akitafuta minyororo mirefu ya ethini alipata molekuli fupi ya buteni tu. Kikundi hakikuyatupa matokeo hayo. Walitafuta chanzo chake na kugundua kwamba chembe kidogo za nikeli zilikuwa zimebaki ndani ya chombo. Kutokana na hapo walijaribu metali nyingine moja baada ya nyingine, wakafikia kichocheo cha titani kilichobadilisha tasnia ya plastiki.

Mwaka 1951 Peter Pauson na mwanafunzi wake Thomas Kealy, katika Chuo Kikuu cha Duquesne mjini Pittsburgh, Marekani, walichanganya kitendanishi cha Grignard na kloridi ya chuma wakitafuta kampaundi iitwayo fulvaleni. Walipata fuwele za rangi ya chungwa zisizoharibika kwa hewa wala kwa joto kali. Watafiti wengine nchini Uingereza walikuwa wameipata dutu hiyohiyo bila kujua kazi ya Duquesne. Mwaka 1952 ilibainika kwamba atomu ya chuma imekaa katikati ya pete mbili bapa za kaboni, kama nyama iliyowekwa kati ya vipande viwili vya mkate. Kampaundi hiyo iliitwa feroseni. Uchunguzi wa kampaundi za aina hiyo uliwapa Ernst Otto Fischer na Geoffrey Wilkinson Tuzo ya Nobel ya mwaka 1973.

Katika mifano yote hii jambo lililoamua si bahati peke yake. Matokeo yasiyotarajiwa yaliandikwa, yakarudiwa na yakafuatiliwa, na palikuwa na msimamizi aliyekubali kubadilisha swali.

### Utafiti katika shahada ya kwanza

Wanafunzi waliotajwa hapo juu walikuwa wa ngazi ya juu. Wazo la kuwashirikisha wanafunzi wa shahada ya kwanza kwa mpango maalumu lilienea baadaye, hasa Marekani. Chuo cha MIT kilianzisha mpango wake mwaka 1969 chini ya Margaret MacVicar. Mwaka 1978 wanakemia wa vyuo vidogo vya binafsi waliunda Baraza la Utafiti wa Shahada ya Kwanza, linalojulikana kwa kifupi kama CUR, ambalo baadaye lilipokea taaluma nyingine. Mwaka 1987 Mfuko wa Taifa wa Sayansi wa Marekani, NSF, ulianza mpango wa REU unaolipia wanafunzi wafanye utafiti katika vyuo mbalimbali wakati wa likizo ya kiangazi.

Chama cha Kemia cha Marekani, ACS, huidhinisha programu za shahada ya kemia na huhimiza utafiti ndani yake. Utafiti unapohesabiwa kama sehemu ya masharti ya shahada iliyoidhinishwa, mwanafunzi hutakiwa kuandika ripoti kamili. Hivyo kazi ya mikono peke yake haitoshi.

## Aina za nafasi

Nafasi za utafiti kwa wanafunzi ni za namna kadhaa:

* Mradi wa mwaka wa mwisho. Mwanafunzi hufanya kazi katika idara yake mwenyewe na kuandika ripoti au tasnifu fupi. Mtindo huu umeenea Uingereza na katika nchi nyingi zilizofuata mfumo wake, zikiwemo za Afrika Mashariki.
* Programu ya likizo. Mwanafunzi huhamia chuo kingine kwa kipindi cha wiki 8 hadi 10 hivi na kulipwa posho. Programu za REU ni za aina hii. Kwa kawaida huwa wazi kwa raia na wakazi wa kudumu wa Marekani pekee.
* Kazi wakati wa muhula. Mwanafunzi hutumia saa kadhaa kila wiki maabarani, kwa malipo au kwa kupata alama za kozi.
* Kozi ya utafiti. Darasa zima hufanya uchunguzi wa swali lisilo na jibu mahali pa mazoezi ya kawaida. Sifa zake zinazotajwa sana ni tano: kutumia mbinu za kisayansi, kugundua jambo jipya, kuwa na umuhimu nje ya darasa, kushirikiana, na kurudia kazi hadi iwe sahihi.
* Ufadhili wa mtu binafsi. Mfano ni tuzo ya Goldwater ya Marekani, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1986, inayowasaidia wanafunzi wa sayansi wanaokusudia kuwa watafiti.

Fedha za vifaa hutoka kwa serikali, kwa vyuo au kwa mifuko ya binafsi. Mfuko wa utafiti wa petroli unaosimamiwa na ACS una ruzuku maalumu kwa wahadhiri wa idara zisizotoa uzamivu, nao hutarajiwa kuwatumia wanafunzi wa shahada ya kwanza katika kazi hiyo.

## Kazi ya maabara ya oganometali

Kampaundi nyingi za oganometali huharibiwa na oksijeni au unyevu wa hewa. Kwa hiyo jambo la kwanza ambalo mwanafunzi hujifunza ni kufanya kazi bila hewa. Vifaa viwili hutumika sana. Cha kwanza ni mfumo wa mabomba ya kioo uliopewa jina la mwanakemia Mjerumani Wilhelm Schlenk. Una njia mbili, moja ya kuvuta hewa nje kwa pampu na nyingine ya kuingiza nitrojeni au agoni. Cha pili ni sanduku la glavu, yaani sanduku lililofungwa kabisa na kujazwa gesi tulivu, ambamo mtafiti huingiza mikono kupitia glavu ndefu zilizoshikizwa ukutani mwake.

Mradi wa wiki 10 kwa kawaida hupitia hatua hizi:

1. Kusoma makala zilizotangulia na kupata mafunzo ya usalama.
2. Kukausha viyeyushi na kuondoa oksijeni ndani yake.
3. Kutengeneza ligandi, yaani molekuli itakayofungamana na metali.
4. Kuunganisha ligandi na metali, kisha kutenga na kusafisha kilichopatikana.
5. Kuthibitisha muundo wake kwa NMR, mwanga wa infraredi na, fuwele nzuri zikipatikana, kwa eksirei.
6. Kupima kazi yake, kwa mfano kama inaharakisha mmenyuko fulani.
7. Kuandika ripoti na kuwasilisha bango kwenye mkutano.

Hatua ya nne na ya tano ndizo zinazokula muda. Ni kawaida mwanafunzi kurudia jaribio lilelile mara nyingi kwa sababu ya uvujaji mdogo wa hewa, au kungoja fuwele zisizotokea. Daftari la maabara lina uzito mkubwa hapa. Rangi iliyobadilika, dakika ilipobadilika na chupa ya kiyeyushi iliyotumika ni mambo yanayoweza kueleza baadaye kwa nini jaribio la leo halikufanana na la jana.

Si kila kazi inahitaji vifaa vya gharama kubwa. Feroseni na nyingi za kampaundi zilizotokana nayo hustahimili hewa. Jaribio la kuongeza kundi la asetili kwenye feroseni hufanywa katika maabara za kufundishia kwa anhidridi ya asetiki na asidi ya fosforasi. Mchanganyiko hutenganishwa katika safu ya silika au alumina, na mwanafunzi huona kwa macho mstari wa manjano wa feroseni ukitangulia mstari wa rangi ya chungwa iliyoiva wa kampaundi mpya. Kampaundi kadhaa za paladi zenye fosfini nazo huweza kushikwa hewani kwa muda. Wasimamizi wengi huwaanzishia wanafunzi wapya kwenye kemia ya aina hii.

## Usalama

Usalama ndio suala zito zaidi katika kuwaingiza wanafunzi kwenye uwanja huu. Ajali mbili zilizotokea Marekani hutajwa mara kwa mara katika mafunzo.

Mwezi Agosti 1996 Karen Wetterhahn, profesa wa kemia katika Chuo cha Dartmouth, alidondokewa na matone machache ya dimethili zebaki juu ya glavu za lateksi alizokuwa amevaa. Dalili za sumu zilijitokeza miezi kadhaa baadaye, naye alifariki Juni 1997. Vipimo vilivyofanywa baada ya ajali vilionyesha kwamba kemikali hiyo hupenya glavu za namna hiyo katika muda wa sekunde chache. Mtaalamu huyo alikuwa amechukua tahadhari zilizokubalika wakati ule, na glavu hazikumkinga.

Tarehe 29 Desemba 2008 msaidizi wa utafiti mwenye umri wa miaka 23, aliyemaliza shahada ya kwanza mwaka huohuo, alikuwa akivuta tert-butili lithi kwa bomba la sindano katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Kemikali hiyo huwaka yenyewe inapokutana na hewa. Bomba lilichomoka, kimiminika kikamwagika na nguo zake zikashika moto. Hakuwa amevaa koti la maabara. Alifariki siku 18 baadaye. Tukio hilo lilifikishwa mahakamani na kuvifanya vyuo vingi kupitia upya kanuni zao.

Mafunzo yanayotokana na ajali hizi ni ya aina tatu. Kwanza, glavu au koti huchaguliwa kulingana na kemikali inayoshikwa, kwa kuwa hakuna kifaa kimoja kinachokinga dhidi ya zote. Pili, mwanafunzi mpya hapaswi kushika kemikali zinazowaka zenyewe kabla ya kufundishwa na kuangaliwa, wala hapaswi kufanya kazi peke yake wakati wa likizo au usiku. Tatu, idara isiyoweza kuhakikisha usimamizi huo inashauriwa kuchagua mradi mwingine.

## Utafiti wa elimu ya kemia

Utafiti wa elimu ya kemia hutumia mbinu za sayansi ya jamii kuchunguza ufundishaji. Jarida la zamani la fani hii, *Journal of Chemical Education*, lilianza kutolewa mwaka 1924. Mwanafunzi anayechagua njia hii hutumia mitihani maalumu, hojaji, mahojiano na kurekodi watu wakifikiri kwa sauti wanapotatua swali.

Mchango unaotajwa sana ni wa Alex Johnstone wa Chuo Kikuu cha Glasgow, Uskoti. Alieleza kwamba kemia husemwa katika ngazi tatu kwa pamoja: ile inayoonekana kwa macho, ile ya atomu na molekuli, na ile ya alama na milinganyo. Mwalimu hurukaruka kati ya ngazi hizo bila taabu. Mwanafunzi mpya hulemewa, kwa kuwa akili ya mtu haiwezi kushika mambo mengi mapya kwa wakati mmoja. Chumvi inayoyeyuka katika glasi, ioni zinazotawanyika na alama zilizoandikwa ubaoni kwake ni mambo matatu tofauti.

Watafiti wamechunguza pia dhana potofu zinazodumu hata baada ya masomo. Wanafunzi wengi husema kwamba kuvunja kifungo cha kikemia hutoa nishati, ingawa ukweli ni kwamba kuvunja kifungo huhitaji nishati, na nishati hutolewa vifungo vipya vinapoundwa. Wengine husema mapovu ya maji yanayochemka ni hewa, au ni hidrojeni na oksijeni, badala ya mvuke wa maji. Kuzitambua dhana hizi, kutunga maswali yanayozifichua na kupima kama mbinu mpya ya kufundisha inazipunguza ni miradi inayoweza kufanywa na mwanafunzi wa shahada ya kwanza.

Nyanja hii haihitaji sanduku la glavu, lakini ina masharti yake. Wanaochunguzwa ni watu, na mara nyingi ni wanafunzi ambao mtafiti au msimamizi wake ndiye anayewasahihishia mitihani. Ni lazima kibali cha kamati ya maadili kipatikane kabla ya kuanza, washiriki watoe ridhaa kwa hiari, majina yafichwe, na asiyetaka kushiriki asipoteze alama. Panapohusika watoto wa shule, wazazi na uongozi wa shule nao hutakiwa kukubali. Tanzania, vibali vya utafiti hushughulikiwa na Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Nchini Kenya hutolewa na NACOSTI.

Nyanja mbili za makala hii hukutana pale mafundisho ya kemia ya oganometali yenyewe yanapochunguzwa. Wahadhiri wa Marekani walianzisha mtandao wa IONiC, wenye hazina ya masomo iitwayo VIPEr, ambako hubadilishana mazoezi ya darasani ya kemia isiyo ogania. Mengi kati yake huwataka wanafunzi wasome makala halisi ya utafiti na kuijadili.

## Afrika Mashariki

Katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki mlango wa kawaida wa kuingia katika utafiti ni mradi wa mwaka wa mwisho, na baada yake shahada ya uzamili. Gesi safi, viyeyushi vikavu na vyombo vya NMR ni ghali, hivyo kazi nyingi huelekezwa kwenye mimea ya dawa, maji, udongo na malighafi za kilimo. Hata hivyo, vichocheo vya oganometali vimeingia katika utafiti huo kupitia zao la korosho.

Maganda ya korosho hutoa mafuta makali yenye kampaundi za fenoli, mojawapo ikiwa kadanoli. Mafuta haya hayaliwi. Wanakemia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameyachunguza kwa miaka mingi kama malighafi ya kemikali za viwandani. Mwaka 2012 watafiti wa chuo hicho na wa Chuo Kikuu cha St Andrews, Uskoti, walichapisha njia ya kugeuza kadanoli kuwa fenoli ndogo inayowavuta mbung'o. Kazi hiyo ilitumia vichocheo vya metali kukata na kupanga upya mkia mrefu wa kaboni wa kadanoli. Kemikali zenye harufu ya kuvuta mbung'o huwekwa kwenye mitego ya kuwapunguza wadudu hao, ambao hueneza malale kwa binadamu na nagana kwa ng'ombe. Hivyo kemia iliyopewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005 ilihusishwa moja kwa moja na zao na ugonjwa vinavyojulikana vizuri Tanzania.

Ushirikiano wa namna hii ni njia mojawapo ya kukabili uhaba wa vifaa. Mwaka 2007 Chama cha Kifalme cha Kemia cha Uingereza kilizindua Mtandao wa Kemia wa Afrika, na Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa mojawapo ya vituo vyake. Mtandao huo umeendesha mikutano na mafunzo ya kutumia vyombo vya uchambuzi. Shirikisho la vyama vya kemia vya Afrika hutoa jarida la elimu ya kemia, *African Journal of Chemical Education*, lililoanza mwaka 2011.

Elimu ya kemia ina swali lake maalumu katika eneo hili, nalo ni lugha. Tanzania, wanafunzi wa shule za msingi za serikali husoma sayansi kwa Kiswahili, kisha huanza kemia kidato cha kwanza kwa Kiingereza. Kwa kutumia hoja ya Johnstone, mzigo wa ngazi tatu unaongezewa wa nne. Mradi wa LOITASA, ulioanza mwaka 2002 kwa ushirikiano wa watafiti wa Tanzania, Afrika Kusini na Norwei, ulilinganisha madarasa ya sekondari yaliyofundishwa baadhi ya masomo kwa Kiswahili na yale yaliyofundishwa kwa Kiingereza. Istilahi zimekuwapo kwa muda: *Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia* ilitolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990. Maswali yanayoweza kuchunguzwa na mwanafunzi wa ualimu ni kama vile: mwanafunzi anayeshindwa kueleza titresheni kwa Kiingereza anaweza kuieleza kwa Kiswahili? Je, kosa lake ni la lugha au la dhana? Uchunguzi wa aina hii unahitaji daftari, kinasa sauti, kibali na uvumilivu.

## Namna ya kuomba nafasi

Programu nyingi za likizo za Marekani hupokea maombi kati ya Novemba na Machi kwa ajili ya kiangazi kinachofuata. Mwombaji hutakiwa kuwasilisha nakala ya matokeo yake, barua za wahadhiri wanaomfahamu na maelezo mafupi ya sababu za kutaka kufanya utafiti. Kwa nafasi zisizo za programu, mwanafunzi humwandikia mhadhiri moja kwa moja. Barua inayojibiwa kwa urahisi huonyesha kwamba mwandishi amesoma angalau makala moja ya mhadhiri huyo, hutaja saa ambazo mwanafunzi anaweza kufanya kazi, na haiwi ndefu.

Mambo ambayo mwanafunzi hushauriwa kuyauliza kabla ya kukubali ni haya: nani atamsimamia kila siku, mafunzo gani ya usalama yatatolewa, posho ni kiasi gani na inalipwa lini, na jina lake litawekwaje kazi ikichapishwa. Kwa desturi za kisayansi, anayetoa mchango wa kweli katika matokeo na uandishi huorodheshwa kama mwandishi. Anayesaidia kidogo hutajwa katika shukrani.

## Faida na ukosoaji

Tafiti za Marekani zimeonyesha mara nyingi kwamba wanafunzi waliofanya utafiti huripoti kujiamini zaidi, kuelewa vizuri kazi ya mwanasayansi na kuwa na nia ya kuendelea na masomo ya juu. Ripoti ya Vyuo vya Taifa vya Sayansi vya Marekani ya mwaka 2017 ilikubali faida hizo, lakini ilieleza kwamba ushahidi mwingi unatokana na maelezo ya wanafunzi wenyewe. Pia si rahisi kutenganisha faida ya utafiti na ukweli kwamba wanaochaguliwa mara nyingi walikuwa hodari na wenye ari tangu mwanzo.

Ukosoaji mwingine unahusu usawa. Nafasi isiyolipwa humfaa mwanafunzi ambaye familia yake inaweza kumtunza likizo nzima. Yule anayetakiwa kufanya kibarua ili alipe ada huachwa nje. Nafasi zinazotolewa kwa kufahamiana na mhadhiri nazo huwapita wanafunzi wasiojua kwamba inaruhusiwa kuuliza. Kozi za utafiti zilibuniwa kwa sehemu kujibu tatizo hilo, kwa kuwa kila aliyejiandikisha darasani hushiriki. Upungufu wake ni kwamba mwanafunzi mmoja hupata muda mfupi wa msimamizi kuliko katika maabara ya kikundi kidogo.

Kuna pia hatari ya mwanafunzi kutumiwa kama mkono wa kuosha vyombo na kurudia vipimo bila kuelezwa swali lenyewe. Kazi za namna hiyo zipo katika kila maabara na mtu lazima azifanye. Huwa utafiti pale mwanafunzi anapojua kwa nini zinafanyika, na anaporuhusiwa kusema kwamba matokeo aliyoyapata hayakubaliani na yaliyotarajiwa.

## Tazama pia

* Kemia ogania
* Kichocheo
* Feroseni
* Tuzo ya Nobel ya Kemia
* Mbung'o
* Mkorosho
* Elimu nchini Tanzania